Kiwanda Kikiuzwa, Mkulima Hubaki na Nini?

Habari za kuuza viwanda vya Serikali zasikika siku hizi redioni, katika mabaraza, na hata pale wakulima wanapongojea lori la maziwa. Wengine husema kuuza ni jambo jema kwa kuwa Serikali si mfanyabiashara. Wengine husema ni kuuza mali ya watoto wetu. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayamtoshi mkulima wa skimu mwenye ng'ombe watatu, ambaye shauri lake ni hili: kesho asubuhi nikiisha kukama, nani atayanunua maziwa yangu, na atanilipa lini?

Jambo hili si geni Kenya. Mwaka wa 1982 tume iliyoongozwa na Bwana Philip Ndegwa iliishauri Serikali ipunguze mashirika yake kwa sababu mengi yalikuwa yakila fedha za kodi bila kurudisha faida. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1992, Serikali ilitoa orodha ya mashirika 240 ya biashara. Ilisema kwamba 33 tu yatabaki mikononi mwake na 207 yaliyosalia yatauzwa au kupunguziwa hisa za Serikali. Wakopeshaji wa ng'ambo walikuwa wakilitaka jambo hilo kwa nguvu. Ndani ya orodha za namna hiyo hukaa viwanda ambavyo mkulima huvipelekea mazao yake, na kwa sababu hiyo yafaa kukumbuka yaliyotokea vilipouzwa vile vya kwanza.

KCC ilikuwa ya nani?

Tuanze na maziwa, maana skimu nyingi zilijengwa juu ya maziwa. KCC ilianzishwa mwaka wa 1925 na wakulima wa Kizungu, na mwanzo wake ulikuwa Naivasha. Ilikuwa chama chao na soko lao. Mipango ya kugawa mashamba ya Ekari Milioni Moja ilipoanza mwaka wa 1962, familia kama 35,000 zilipata ploti katika yale yaliyokuwa mashamba ya masetla. Huko Kinangop, Ol Kalou na kwingineko penye baridi wengi walianza na ng'ombe wa gredi wa mkopo. Mkopo wa ng'ombe na mkopo wa shamba vyote vilitazamia fedha za maziwa. Kwa mkulima wa namna hiyo kiwanda kilikuwa zaidi ya mnunuzi, maana kilikuwa njia yake ya kulipia udongo aliokuwa akiukanyaga.

Hata hivyo mlango wa kiwanda haukufunguliwa wote mara moja. Palikuwa na utaratibu wa mapatano ya kiasi maalum. Mwenye mapatano aliahidi kupeleka kiasi fulani cha maziwa mwaka mzima, kiangazi na masika, na alipata bei nzuri. Mapatano hayo zaidi yalikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa. Mwenye ng'ombe wawili alipata bei ya chini. Utaratibu huo uliondolewa mwaka wa 1971, na tangu hapo mkulima mdogo aliweza kupeleka mtungi wake kwa bei moja na jirani yake mkubwa. Hiyo ilikuwa siku njema ambayo haitajwi sana.

Baada ya hapo KCC ilikua sana. Maziwa ya pakiti ya pembe tatu yalijulikana katika kila duka la mjini. Bei ya mkulima na bei ya mnunuzi zote zilipangwa na Serikali. Mkulima alikatwa kidogo katika maziwa yake ili kununua hisa, akapewa cheti, akakihifadhi sandukuni pamoja na hati ya shamba. Kwa vitabu, basi, KCC ilikuwa mali ya wakulima. Lakini tazama mambo yalivyokuwa. Bei haikupangwa na wenye hisa. Siasa iliingia katika kuchagua wakubwa wa kampuni. Maziwa ya shule yalipoanzishwa mwaka wa 1979, KCC iliagizwa kuyapeleka, na malipo yake yalichelewa. Kikawa kiwanda chenye wenyewe wengi na mwenye amri mmoja. Mambo yalipoharibika, wale wenye hisa ndio waliobeba hasara, na mwenye amri akasema kiwanda si chake.

Mwaka wa 1992 bei ya maziwa iliachwa huru. Kampuni nyingine zilianza kununua na kupakia maziwa, na KCC ikaingia katika mashindano ikiwa imebeba madeni, wafanyakazi wengi na mitambo ya zamani. Malipo ya mkulima yakaanza kuchelewa mwezi mmoja, halafu miezi kadhaa. Nani amlaumu mkulima aliyemgeukia mchuuzi wa baiskeli? Mchuuzi hakuwa na cheti cha hisa cha kumpa mtu, wala mkutano wa mwaka, wala chai na mandazi ya mkutano huo, lakini alikuwa na fedha mfukoni. Katika Kenya sehemu kubwa ya maziwa yauzwayo ilihamia kwa wachuuzi.

Mwaka wa 2000 mali ya KCC iliuzwa kwa kampuni mpya ya watu binafsi. Wakulima wengi walisikia habari hiyo kama mtu anavyosikia kwamba shamba la jirani limeuzwa usiku. Hawakuitwa, hawakuulizwa, na bei ilisemwa na watu wengi kuwa ya chini mno kwa viwanda vilivyotapakaa nchi nzima. Haikudumu. Mwaka wa 2003 Serikali mpya ilikinunua tena kwa shilingi milioni 547, na jina likawa KCC Mpya. Tangu siku hiyo ikawa mali ya Serikali kweli, jambo ambalo hapo kwanza halikuwa hivyo kwa vitabu.

Safu ya wanaodai

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana jambo hili halielezwi vya kutosha na ndilo lililowaumiza wengi.

Tuseme wewe wapeleka lita 10 kwa siku, na bei ni shilingi 40 kwa lita. Kiwanda kimechelewa kukulipa siku 90. Hizo ni lita 900, yaani shilingi 36,000. Tena una hisa za shilingi 5,000 ulizokatwa kidogo kidogo. Kiwanda kikianguka, wewe unakidai mara mbili, lakini huko katika safu ya wanaodai hutakuwa mbele. Kwanza hulipwa benki yenye rehani juu ya majengo na mitambo, pamoja na gharama za wale waliowekwa kukisimamia. Mishahara na kodi zina nafasi yake kwa kadiri ya sheria. Nyuma ya hao ndipo wanakuja watu waliokiuzia kiwanda vitu kwa deni, na wewe wa maziwa umo humo pamoja na mwenye kuuza karatasi za kupakia na mwenye kuuza mafuta ya malori. Mwisho kabisa, baada ya kila mtu, ndio wenye hisa. Mara nyingi mfuko huwa umekwisha kabla ya kufika kwao. Cheti kilicho sandukuni hubaki karatasi.

Tena mnunuzi mpya kwa kawaida hununua mali, yaani kiwanja, mitambo, malori na jina. Madeni ya zamani hayamfuati ila iwe imeandikwa hivyo katika mapatano ya kuuza. Kwa hiyo mkulima akiona mbao mpya yenye jina jipya langoni asidhani kwamba aliyeandika jina hilo ndiye atakayemlipa maziwa ya mwaka jana.

Jambo hili lafanana kwa Serikali na kwa mtu binafsi. Mkulima anayengojea siku 90 amekopesha kiwanda fedha bila riba na bila rehani. Benki haiwezi kufanya hivyo hata siku moja.

Mwenye hisa na mwenye miwa

Wasomaji wetu wa upande wa magharibi wanajua habari za Mumias kuliko sisi. Kampuni ile iliandikishwa mwaka wa 1971, na miwa ikaanza kusagwa mwaka wa 1973. Serikali ilikuwa na sehemu kubwa ya hisa, kiasi cha asilimia 71, na kampuni ya Booker McConnell ya Uingereza ndiyo iliyoiendesha. Kwa miaka mingi ilikuwa kampuni ya sukari iliyosifiwa kupita zote Kenya. Mkulima alilimiwa, akapewa mbegu na mbolea, akavuniwa, halafu gharama zikakatwa katika malipo yake.

Mwaka wa 2001 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Mwaka wa 2006 Serikali iliuza nyingine, ikabaki na asilimia 20. Huu haukuwa uuzaji wa gizani kama ule wa maziwa. Matangazo yalitoka magazetini, fomu zilipatikana benki, na kila mtu mwenye fedha aliweza kununua, awe mwalimu wa Mombasa au mkulima wa Matungu. Kwa miaka kadhaa gawio lililipwa na watu walifurahi. Lakini kuanzia mwaka wa 2013 hesabu za kampuni zilionyesha hasara mwaka baada ya mwaka. Usimamizi mbaya ulitajwa, na sukari ya kutoka nje, na viwanda vingine vilivyonunua miwa ambayo Mumias ilikuwa imeilimia, na madeni. Serikali ilijaribu kuiokoa kwa fedha za umma ingawa haikuwa tena mwenye sehemu kubwa. Bei ya hisa moja ilishuka hata ikawa chini ya senti 50. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2019 benki iliyokuwa ikiidai iliweka msimamizi wake, na mwezi wa Desemba mwaka wa 2021 kiwanda kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, na kesi zikafuata.

Sasa walinganishe watu wawili. Mwenye hisa wa Nairobi akisikia harufu ya moshi aweza kuuza hisa zake kabla ya saa sita za mchana na kutoka. Atapata hasara, lakini atatoka. Mwenye miwa hawezi. Miwa yake imo ardhini mwaka mmoja na nusu au zaidi, haiwezi kupelekwa sokoni kwa kikapu, na kiwanda kisipokuja kuikata hukauka na kugeuka kuni. Mwenye ng'ombe yu katika hali hiyo hiyo, ila saa zake ni chache zaidi: maziwa ya jioni hayangoji mpaka keshokutwa. Mkulima amefungwa na kiwanda kwa kamba ndefu kuliko mtu yeyote anayekimiliki, na katika mikutano mingi ya kuuza viwanda yeye ndiye aliyekaa nje ya mlango.

Mtu asifikiri kwamba twasema viwanda vingalibaki kwa Serikali vingalikuwa salama. Muhoroni iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni tangu mwaka wa 2001, nayo haikuwa imeuzwa kwa mtu. Wakulima wa Chemelil na Nzoia walidai fedha za miwa miaka na miaka, na mdaiwa alikuwa kampuni ya Serikali. Mwezi wa Mei mwaka wa 2025 viwanda hivyo vitatu pamoja na cha Awendo, kiitwacho Sony, vilikodishwa kwa kampuni za watu binafsi kwa muda wa miaka 30. Nzoia ilikwenda kwa West Kenya, Chemelil kwa Kibos, Sony kwa Busia, na Muhoroni kwa West Valley.

Kukodisha si kuuza. Ni kama mtu anavyompangisha mwingine ploti yake: hati hubaki kwa mwenyewe, naye mpangaji hulima na kuvuna mpaka muda uishe. Lakini miaka 30 ni muda mrefu. Kijana aliyeoa mwaka huo atakuwa na wajukuu mkataba utakapokwisha. Wakulima wa skimu za sukari za Muhoroni, Songhor, Koru na Chemelil, ambao baba zao walipewa ploti kwa masharti ya kupanda miwa, yawapasa kumwomba ofisa wa chama chao awasomee mkataba ule kwa lugha wanayoifahamu, hasa mahali pasemapo nani atalipa madeni ya zamani na miwa mipya italipwa baada ya siku ngapi.

Chai, na wale wa Githunguri

Iko njia nyingine. Shirika la chai, KTDA, lilianzishwa kwa jina hilo mwaka wa 1964 likiwa mali ya Serikali, ili kumsaidia mkulima mdogo kupanda chai. Mwaka wa 2000, mwaka ule ule ambao KCC iliuzwa, KTDA iliondoka mikononi mwa Serikali. Lakini haikuuzwa kwa mgeni. Kila kiwanda cha chai kikawa kampuni ya wakulima wake wenyewe, na kampuni hizo kwa pamoja zikawa ndizo zenye KTDA. Magomvi hayakwisha. Wakulima wamelalamika mara nyingi juu ya bonasi na juu ya wakurugenzi, na mwaka wa 2020 sheria mpya ya chai ilitungwa kwa ajili ya malalamiko hayo. Hata hivyo mkulima wa chai anapolalamika huwa analalamika ndani ya nyumba yake. Aweza kumpigia kura mkurugenzi na kumwondoa.

Na wale wa Githunguri hawakungoja kuuziwa chochote. Chama chao cha ushirika kilianza mwaka wa 1961 na wanachama 31. KCC ilipoyumba na malipo yakakosekana, walikopa, wakajenga kiwanda chao wenyewe, kikaanza kazi mwaka wa 2004. Maziwa yao yauzwa kwa jina la Fresha. Si kila chama kiwezacho kufanya hivyo. Githunguri ni karibu na Nairobi, barabara ni fupi, na ng'ombe ni wengi. Mtu wa skimu ya mbali, ambaye mvua ikinyesha lori halifiki, asidanganywe kwamba kiwanda chajengwa kwa moyo tu. Lakini hata chama kisicho na kiwanda, kikiwa na tangi lake la kupozea, chaweza kuchagua mnunuzi, maana maziwa yaliyopozwa yaweza kungoja.

Karatasi za kutunza

Kitabu cha maziwa kitunzwe, na kila mwezi jumla ilinganishwe na ya karani. Cheti cha hisa kikiwa kwa jina la marehemu baba, watoto waende wakabadilishe jina mapema, kabla kampuni haijabadilika mikono, kwa sababu baadaye itakuwa kazi kubwa kuwapata wanaohusika. Katika mapatano ya kupeleka mazao, tafuta siku ya malipo. Kama haikuandikwa, iandikwe. Mtu akisema kwamba mambo hayo yataangaliwa baadaye, mwambie kwa heshima kwamba nawe sahihi yako utaiangalia baadaye.

Jingine ni mabaraza ya kutoa maoni. Wengi hawaendi, wakisema mambo yamekwisha kuamuliwa Nairobi. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2023 Serikali ilitangaza mashirika 11 ya kuuzwa, na ndani yake yalikuwamo KCC Mpya, Kampuni ya Mbegu ya Kenya, na vinu vya mpunga vya Mwea na vya magharibi. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2024 Mahakama Kuu iliitangua sheria ya mwaka wa 2023 iliyokuwa msingi wa uuzaji huo, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipotungwa. Sheria nyingine ilitiwa sahihi mwezi wa Oktoba mwaka wa 2025. Kwa hiyo kukaa kwenye benchi la baraza na kusema neno lako kikaandikwa kitabuni si kazi bure, hata kama jua ni kali na mkutano umeanza saa mbili baada ya saa iliyotangazwa.

KCC Mpya imewahi kuwekwa katika orodha za kuuzwa mara mbili, ile iliyotangazwa mwaka wa 2009 na ile ya mwaka wa 2023. Siku itakapofika zamu yake kweli, mkulima wa skimu na aulize mambo haya mkutanoni, tena kwa sauti, na majibu yaandikwe: ni hisa ngapi zimewekwa kando kwa ajili ya wapelekao maziwa, zitauzwa kwa bei gani, je, zaweza kukatwa kidogo kidogo katika maziwa kama zamani, na wale wazee wenye vyeti vya KCC ya kwanza, ambavyo bado vimo masandukuni huko Ol Kalou na Kinangop, watahesabiwa namna gani?